Kasulu Kuita Kibondo: Kazi ya Waya wa Mita Ishirini

Kati ya Kasulu na Kibondo, kwa mstari mnyoofu, kuna takriban kilometa 125 za migongo na mabonde ya Buha. Shika redio ya mkononi ya wati 5, simama mjini Kasulu, ita Kibondo hadi betri iishe: hutajibiwa. Lakini miaka ya 1990, kabla minara ya simu haijaota kila kilima, opereta aliyekaa chumba cha redio Kasulu alibonyeza swichi ya maiki, akamwita mwenzake wa Kibondo, akaambiwa "nakupata vizuri, endelea, ova", na orodha ya malori ya siku hiyo ikaanza kusomwa. Redio yake ilikuwa na wati mia moja na kitu, sawa na balbu mbili za zamani za wati 60. Nguvu hiyo haipasui kilima. Kazi ilifanywa na waya uliotundikwa nje, tena chini kuliko mgeni angedhani.

Nataka tuuangalie waya huo kwa makini, kwa sababu ndugu zangu wenye leseni ya redio ya ridhaa, hasa wale wanaohamishiwa nyanda hizi za Kigoma kikazi, hukosea mahali palepale nilipokosea mimi. Fedha yote inaingia kwenye redio, antena inabaki ya kubabaisha, halafu mtu analalamika kwamba Kigoma "haina mawimbi".

Historia kwanza, kwa ufupi. Simu ya upepo ilifika huku zamani kupitia misheni, hospitali, polisi na askari wa wanyamapori. AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957, iliunganisha hospitali nyingi za pembezoni na Nairobi kwa redio, na mganga wa bara aliweza kuomba ushauri au ndege bila kutegemea posta. Kishindo kikubwa kilikuja baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Wakimbizi walimiminika Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 wakafuata Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika na kupelekwa Nyarugusu. UNHCR na mashirika mengine wakajikuta na makambi yaliyotawanyika: Mtabila, Muyovosi, Nyarugusu upande wa Kasulu, Nduta, Kanembwa, Mkugwa upande wa Kibondo. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika.

Walichofanya ni kugawa kazi kwa masafa, na mgawanyo huo ndio somo lenyewe. Ndani ya kambi na kuzunguka mji walitumia VHF, redio za mkononi zilizoning'inia viunoni na nyingine ndani ya magari, zikisaidiwa na ripita juu ya kilima. Kutoka mji hadi mji walitumia HF, aghalabu redio za Codan kutoka Australia. Yale magari meupe yenye antena nene ndefu kwenye bampa, ambayo watoto wa Kibondo walikuwa wakiyakimbilia, yalibeba redio ya namna hiyo. Hakuna aliyejaribu kulazimisha VHF ifanye kazi ya HF.

Sababu ni hesabu ya darasani. Mawimbi ya VHF huenda karibu sawa na mwanga: usipoonana na mwenzako, hamsikilizani vizuri. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilometa hadi upeo wa redio. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha jumlisha. Watu wawili wenye redio mkononi, antena ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, wanapata kama kilometa 10. Wakiwa na milingoti ya mita 10 kila mmoja, kilometa 26. Mmoja akipanda kilima kinachozidi nchi inayokizunguka kwa mita 300, mwenzake akabaki bondeni na redio ya mkononi, wanafika kilometa 76. Ili Kasulu na Kibondo waonane moja kwa moja, kila mmoja angehitaji antena yenye kimo cha mita 230 hivi, na hapo ardhi ya katikati iwe tambarare kama meza. Aliyepita Makere akienda kaskazini anajua kwamba hakuna meza huko.

Kwa hiyo kwenye VHF, nunua kilima. Maana yake tembea: Jumamosi panda mgongo ulio wazi ukiwa na redio yako ya wati 5 na antena ya waya uliyoitengeneza mwenyewe, ita kwenye 145.500, utamshinda jirani mwenye wati 50 aliyejifungia bondeni. Panga kana kwamba ripita ya ridhaa haipo, ukiikuta ni zawadi.

HF inakwenda kinyume kabisa, na hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu amezoea kusikia kwamba antena ikipanda juu mawasiliano yanakwenda mbali. Ni kweli, na hiyo ndiyo taabu yake. Kibondo si mbali. Ni karibu mno kwa wimbi linaloondoka kwa mshazari kwenda kugonga tabaka la hewa yenye umeme kilometa 300 hivi juu yetu, likateremkia Ulaya. Ni mbali mno kwa wimbi linalotambaa ardhini. Katikati kuna eneo la ukimya. Ndiyo maana mwanaredio wa Kasulu aliyeko kwenye 14 MHz anajibiwa na mtu wa Italia saa kumi jioni, ilhali Kibondo haisikii hata pumzi yake.

Dawa ni kulituma wimbi wima. Fikiria watoto wawili waliotenganishwa na kabati kubwa: mmoja anarusha mpira darini, nao unamwangukia mwenzake upande wa pili. Kabati liwe refu vipi, halihusiki. Kutoka Kasulu wimbi linapanda kwa pembe ya karibu nyuzi 78, linagonga juu, linashuka Kibondo. Limesafiri zaidi ya kilometa 600 kuvuka kilometa 125, kwa muda wa sehemu mbili za elfu za sekunde. Vilima vya katikati havijaguswa. Kwa mwendo huohuo Kigoma mjini inasikia, Kakonko inasikia, Tabora inasikia, mtu aliye bondeni anasikia sawa na aliye kileleni. Majeshi mengi yanaujua mchezo huu. Wataalamu wanauita NVIS.

Masharti ni mawili. Masafa yasizidi kiwango ambacho tabaka la juu linaweza kurudisha wimbi lililokuja wima, na antena ielekeze nguvu juu. Sharti la pili linatimizwa na waya mnyoofu uliolazwa mita 5 hadi 10 kutoka ardhini. Gharama yake haifiki hata ya boksi la redio.

Sasa tuushike huo waya. Nenda duka la vifaa vya umeme, omba waya wa shaba wa 1.5, ule wa kufungia nyumba, mita 21. Kanuni ya antena ya nusu wimbi ni 142.5 ugawe kwa masafa kwa MHz. Kwa 7.1 MHz unapata mita 20.07, yaani mita 10 na sentimita 3 kila mkono. Usikate hapo. Kata mita 10 na sentimita 20, maana waya ukishakatwa haurefuki, halafu punguza kidogo kidogo. Ngozi ya plastiki ya waya wa nyumba huushusha mlio wa antena, kwa hiyo utajikuta unapunguza hadi chini ya mita 10. Kipimo cha kukumbuka: kila sentimita 10 unazotoa kwa kila mkono zinapandisha masafa kwa takriban kHz 70. Ikiwa mita ya SWR inaonyesha antena imetulia kwenye 6.90 nawe unataka 7.10, toa sentimita 28 kila upande, uitundike tena, upime tena. Mimi hukunja ncha na kuifunga badala ya kukata, kwa sababu masika yakija ardhi inalowa na antena inahama kidogo.

Katikati unahitaji kipande cha bomba la plastiki chenye matundu, na huko mwisho vipande vingine viwili. Kamba ya manila inatosha kuvuta ncha. Mlingoti mmoja wa mkaratusi wa mita 7, ncha zikishuka pande mbili hadi mita 2.5, unafanya kazi vizuri. Kama una miti miwili, laza waya sambamba na ardhi, usawa mmoja. Mguu wa mlingoti upake oili chafu kabla ya kufukia, la sivyo mchwa wa Kasulu wataushusha kabla ya mvua za pili. Ncha zisifikiwe na mkono wa mtoto: unapoongea, umeme mkali kuliko mahali pengine popote pa antena uko pale mwishoni.

Kebo ikitoka katikati, izungushe yenyewe mizunguko 8 hadi 10 yenye upana wa sahani ya wali, uifunge pamoja, ndipo uishushe chini. Bila hivyo ngozi ya kebo inageuka kuwa sehemu ya antena, na redio inaanza kukuuma midomo kupitia maiki.

Kuhusu kebo yenyewe nina ugomvi na mazoea. RG-58, ile nyembamba, ni nzuri kwenye 7 MHz: mita 30 zinakula takriban robo ya nguvu, na hilo mwenzako hatalisikia. Lakini ipeleke kebo hiyohiyo kwenye 145 MHz, na kati ya wati 50 zinazotoka kwenye redio zitafika juu wati 14 hivi. RG-213 nene itafikisha kama wati 27. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo: redio ya gari ya bei mbaya, kebo nyembamba ya mita 30 niliyouziwa kwa maneno matamu, na miezi miwili ya kulaumu vilima. Ukikosa kebo nene, usidharau kebo ya dishi la televisheni inayouzwa kila duka. Ni ya omu 75, redio inataka 50. Tofauti hiyo redio nyingi zinaivumilia, na kwenye VHF kebo nzuri ya dishi inapoteza kidogo kuliko RG-58. Taabu yake ni konekta, kwa kuwa alumini ya nje haishiki risasi ya kuchomelea. Ibane, usiichomee.

Maungio ya nje yafunge kwa tepu, kisha juu yake zungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta kwa nguvu. Jua linaula mpira huo, basi kila mwaka badilisha. Maji yakishaingia kwenye kebo hakuna dawa.

Tuje kwenye umeme. Kasulu na Kibondo ziliishi kwa majenereta ya dizeli kwa muda mrefu kabla ya gridi ya taifa, kwa hiyo vyumba vya redio vilijengwa juu ya betri, na mwenye akili anaendelea hivyo hata leo. Redio ya HF ya wati 100 hula ampia 1 au zaidi kidogo ikisikiliza, na hufika ampia 20 hadi 22 kwenye kilele cha sauti. Betri ya N70, ukiitumia nusu tu ili idumu, inakupa siku nzima ya kusikiliza na kama saa moja ya kuongea, halafu sola inarudisha kesho.

Hapa tena waya ndio unaoamua. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye redio, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa 2.5, ampia 20 zinapoteza volti 1.4 njiani. Betri yenye volti 12.4 inaifikishia redio volti 11, na redio inajizima katikati ya sentensi. Mtu anadhani redio mbovu. Kwa waya wa 10 unapoteza volti 0.35 tu. Sogeza betri karibu na meza kwanza, kabla hujanunua chochote, na fyuzi ikae upande wa betri.

Sola ina hila yake. Kontrola za bei rahisi, pamoja na balbu za LED na chaja za simu, hutapika mkwaruzo kwenye HF. Unaweza kuwa na antena safi na usisikie mtu kwa sababu ya kontrola iliyo ukutani kwako mwenyewe. Jaribio ni la dakika moja: zima redio kwenye umeme wa nyumba, iwashe kwa betri peke yake, kisha chomoa vitu kimoja kimoja huku ukisikiliza. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kelele iliyonisumbua tangu nihamie ilitoka kwenye balbu ya chooni.

Redio ipi, basi? Nimeiacha mpaka sasa makusudi. Kutoka wati 20 hadi 100 tofauti ni desibeli 7, mwendo wa alama moja na kidogo kwenye mita ya mwenzako. Kwa njia ya Kasulu na Kibondo, wati 20 kwenye waya uliotundikwa vizuri zinasikika mchana bila wasiwasi. Ukipata redio ya HF iliyotumika ya kampuni yoyote kati ya zile kubwa za Japani, inatosha. Codan zilizostaafu ni imara kama jembe, na toleo la NGT hutoa wati 125, ila ziliundwa kwa kazi ya chaneli: masafa yanawekwa kwa kompyuta, na kazi hiyo ya chaneli iko kwenye USB, yaani ukanda wa upande wa juu. Sisi wa ridhaa chini ya 10 MHz tunatumia LSB, ule wa upande wa chini, na si kila Codan inao. Uliza kabla ya kutoa fedha. Na ile antena ya bampa iache kwenye gari. Ni fimbo iliyosimama, inarusha mawimbi pembeni na kuacha tundu juu kabisa, kinyume cha unachotaka. Madereva waliipenda kwa sababu haikuwalazimu kushuka garini.

Kwa VHF, vijana wengi wana Baofeng UV-5R, iliyoingia sokoni mwaka 2012. Ni rahisi na inasikika. Sikio lake, lakini, linazidiwa haraka karibu na mnara wenye mitambo mingi, na inarusha popote kati ya 136 na 174 MHz bila kukuuliza. Hilo la mwisho ni hatari kuliko linavyoonekana. Mkoa huu uko mpakani, askari, magari ya wagonjwa na mashirika wako humohumo, na kubonyeza swichi kwenye masafa yao hakutachukuliwa kama bahati mbaya. Funga redio yako ibaki 144 hadi 146. Leseni ya TCRA, pamoja na kibali cha kifaa chenyewe, itembee nawe kwenye begi la redio. Alama yako ya wito inaanza na 5H, mrithi wa VQ3 ya enzi za Tanganyika, na unaitaja kila unapoita. Ujumbe wa biashara, mafumbo ya siri, kumtumikia mtu wa tatu: hayo hayamo katika redio ya ridhaa, isipokuwa dharura inapolazimu.

Kilichobaki ni saa. Tuko karibu na ikweta, jua la mchana linaliimarisha tabaka la juu, na 7 MHz inarudi Kibondo kuanzia asubuhi hadi jioni. Saa sita mchana tabaka la chini linakula sehemu ya nguvu, sauti inapungua, usishangae. Usiku tabaka la juu linadhoofika. Wimbi la 7 MHz lililopanda wima linaweza kupenya na kwenda zake, nawe ukaanza kusikia Ulaya na Asia mahali pa Kibondo. Mzunguko wa jua wa 25, ulioanza Desemba 2019, ukishuka kuelekea mwisho wake, hali hiyo itakuja mapema zaidi kila jioni. Kwa hiyo mkubaliane kabla: saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwenye ukanda wa mita 40, saa tatu usiku kwenye mita 80. Waya wa 3.6 MHz una mita 39 na nusu, na unaweza kuning'inia kwenye mlingoti uleule, kebo ileile, mikono ikielekea pande tofauti. Vyumba vya redio vya zamani vilikuwa na karatasi ukutani ya masafa ya mchana na ya usiku, na opereta hakubadilisha kwa hisia.

Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna mgeni mwingine. Kanda ya Maziwa Makuu, hasa mashariki ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na mkwaruzo wake unasikika Kasulu saa nyingi kabla ya wingu kuonekana. Kwenye mita 80 jioni za masika unaweza kushindwa kabisa, ukarudi alfajiri wakati mbingu imetulia. Mkwaruzo ukigeuka milio mikali ya karibu karibu, usisubiri ngurumo. Chomoa kebo ya antena kwenye redio, chomoa na waya wa betri, na kichwa cha kebo ukitupe nje ya dirisha, mbali na ukuta. Wazee wengine walikitia kwenye chupa ya kioo. Chupa haizuii radi, lakini kila aliyeiona mezani alijua kwamba antena imechomolewa.